Intel na AMD: Ushindani wa prosesa za viini vingi na maana yake kwa mnunuzi wa mashinani

MWENYE saiba katika kituo kidogo cha biashara kama Vitengeni, Kaunti ya Kilifi, anapokwenda Malindi au Mombasa kununua tarakilishi, mara nyingi hurejea na mashine ya mitumba iliyokwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za ng’ambo. Kwenye kasha lake huwa kuna kibandiko kidogo chenye jina la kampuni moja kati ya mbili: Intel au AMD.

Kibandiko hicho humvutia mnunuzi, lakini hakimwambii yale anayohitaji zaidi kuyajua, yaani prosesa iliyomo ndani ina viini vingapi, ni ya kizazi gani na inahitaji umeme kiasi gani.

Maswali hayo yalipata uzito mpya Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kutunza mfumo wa Windows 10. Mfumo uliochukua nafasi yake, Windows 11, unatambua rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, zikiwemo chache tu za kizazi cha saba, na zile za AMD Ryzen kuanzia msururu wa 2000. Mashine za kabla ya hapo, ambazo ndizo za bei nafuu zaidi sokoni, zimeachwa nje.

Kwa wakazi wa Vitengeni, kituo kilicho katika eneobunge la Ganze, ng’ambo ya msitu wa Arabuko-Sokoke ukitoka pwani, jambo hili si la anasa. Asiye na tarakilishi nyumbani hutegemea saiba kuwasilisha taarifa za ushuru kupitia iTax, kuomba stakabadhi kupitia eCitizen au kuomba mkopo wa masomo wa HELB. Shule nazo hupakia alama za wanafunzi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC. Nywila na nambari za vitambulisho za watu wengi hupitia katika mashine hizo chache.

Ili kufahamu kwa nini mashine moja imeachwa nje na nyingine imekubaliwa, na kwa nini bei zake ziko jinsi zilivyo, ni sharti kufuatilia ushindani wa zaidi ya miaka 50 baina ya kampuni hizo mbili za California, Marekani.

Prosesa na viini vyake

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kinachotekeleza maagizo ya programu. Ndiyo inayojumlisha, kulinganisha na kuamua hatua ifuatayo, na kwa sababu hiyo huitwa ubongo wa tarakilishi.

Hadi mwanzoni mwa karne hii, prosesa ya tarakilishi ya mezani ilikuwa na kiini kimoja tu. Ilipoonekana kufanya kazi mbili kwa pamoja, kwa hakika ilikuwa ikirukaruka kutoka kazi moja hadi nyingine kwa kasi isiyoweza kugunduliwa na jicho. Prosesa ya viini vingi ni ile iliyo na vitengo viwili, vinne au zaidi, kila kimoja kikiweza kutekeleza maagizo yake wakati uo huo.

Hata hivyo, kuongeza viini si sawa na kuongeza kasi. Mfano mwepesi ni upishi wa wali wa nazi. Ikiwa kukuna nazi huchukua dakika 40 na wali kuiva dakika 20, mpishi mmoja atamaliza kwa dakika 60. Wakunaji wakiwa wawili, shughuli itachukua dakika 40. Wakiwa wanne, 30. Wakiwa wanane, 25. Lakini hata wakija mia moja, haitapungua chini ya dakika 20, maana wali hauivi upesi kwa kuwa wakunaji ni wengi.

Kanuni hiyo inatokana na hoja iliyotolewa mwaka wa 1967 na mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, na hadi leo inajulikana kwa jina lake. Sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka mpaka wa faida ya viini.

Chimbuko la ushindani

Intel iliasisiwa Julai 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD, kifupi cha Advanced Micro Devices, iliasisiwa Mei 1, 1969 na Jerry Sanders pamoja na wenzake. Waasisi hao walikuwa wamefanya kazi katika kampuni moja, Fairchild Semiconductor.

Mwaka wa 1971 Intel iliuza prosesa yake ya kwanza, 4004, iliyokuwa na transista 2,300. Miaka kumi baadaye, kampuni ya IBM ilipotoa tarakilishi yake ya kibinafsi, iliteua prosesa ya Intel ya 8088.

IBM haikutaka kumtegemea mtengenezaji mmoja peke yake. Kutokana na sharti hilo, Intel na AMD zilitia saini mkataba mwaka wa 1982 ulioiruhusu AMD kutengeneza prosesa za muundo wa Intel. Hivyo ndivyo kampuni iliyokuwa mtengenezaji wa akiba ilivyopata mlango wa kuja kuwa mpinzani.

Uhusiano huo haukudumu. Intel ilikataa kuishirikisha AMD katika prosesa yake ya 386, na AMD ikatoa ya kwake, Am386, mwaka wa 1991. Kesi baina yao ziliendelea hadi zilipopatana mwaka wa 1995.

Mbio za gigahezi zafika ukingoni

Kwa miaka mingi ubora wa prosesa ulipimwa kwa kasi ya mapigo yake. Machi 6, 2000 AMD ilitangaza prosesa ya Athlon ya gigahezi moja, na siku mbili baadaye Intel ikatangaza ya kwake.

Novemba mwaka huo Intel ilileta Pentium 4, iliyobuniwa ili kasi hiyo izidi kupanda. Lakini kadiri kasi ilivyoongezeka ndivyo joto na matumizi ya umeme yalivyoongezeka. Mwaka wa 2004 Intel ilifutilia mbali mradi wa prosesa iliyoitwa Tejas, na miezi michache baadaye ikaachana na mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi nne.

AMD nayo ilikuwa imeshika njia tofauti. Mwaka wa 2003 ilitoa Opteron kwa ajili ya seva na Athlon 64 kwa ajili ya tarakilishi za mezani, prosesa zilizoleta hesabu za biti 64 bila kuzikataa programu za zamani. Intel iliufuata mpangilio huo, nao ndio msingi wa tarakilishi nyingi za Windows hadi sasa.

Kwa kuwa kasi ya kiini kimoja ilikuwa imegonga ukuta wa joto, iliyobaki ilikuwa ni kuongeza viini. Wazo hilo halikuwa geni, kwani IBM ilikuwa na prosesa ya viini viwili kwa ajili ya seva, POWER4, tangu 2001. Lililokuwa jipya ni kulifikisha kwa mtu wa kawaida.

Viini viwili mezani

Mwaka wa 2005 ndio uliofungua uwanja. Aprili, Intel ilitoa Pentium Extreme Edition yenye viini viwili kwa wanunuzi wenye uwezo mkubwa, kisha Mei ikatoa Pentium D kwa soko la kawaida. Mei 31, AMD ilitangaza Athlon 64 X2.

Kampuni hizo zilitofautiana katika ujenzi. Viini vya Pentium D viliwasiliana kupitia njia ya nje ya prosesa, mithili ya wapishi wawili walio katika majiko tofauti wanaolazimika kutoka uani kila mmoja anapotaka chumvi kwa mwenzake. Viini vya Athlon 64 X2 viliunganishwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni, navyo vilifikia kumbukumbu ya mashine bila mzunguko huo.

Majaribio mengi ya wakati huo yaliipa AMD ushindi wa utendaji. Hata hivyo, Intel ilishinda kwa bei. Pentium D ya chini, 820, iliuzwa kwa dola 241 kwa wafanyabiashara, ilhali Athlon 64 X2 ya chini ilianza kwa dola 537. Agosti mwaka huo AMD ilileta nyingine ya dola 354.

Julai 27, 2006 Intel ilijibu kwa Core 2 Duo. Prosesa hiyo ilifanya kazi zaidi kwa umeme mdogo. Kiwango chake cha kawaida kilikuwa wati 65, kikilinganishwa na 95 au 130 za Pentium D. Ya chini iliuzwa kwa dola 183. AMD ililazimika kupunguza bei zake.

Novemba 2006 Intel ilitoa prosesa ya kwanza ya mezani yenye viini vinne. Core 2 Quad Q6600, iliyoingia sokoni Januari 2007 kwa dola 851, ilishushwa hadi dola 266 kufikia Julai mwaka uo huo. AMD ilichelewa na Phenom yake ya viini vinne hadi Novemba 2007, nayo matoleo ya kwanza yakapatikana na kasoro.

Miaka ya usingizi

Wahenga walisema kuwa fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katika biashara ya prosesa mambo yamekuwa kinyume. Nyasi zimeumia pale fahali mmoja alipolala.

AMD ilikuwa na mzigo. Mwaka wa 2006 iliinunua kampuni ya ATI kwa dola bilioni 5.4, na mwaka wa 2009 ikatenga viwanda vyake, ambavyo viligeuka kuwa kampuni ya GlobalFoundries. Oktoba 2011 ilitoa prosesa za FX zilizotangazwa kuwa na viini vinane, lakini kila viini viwili vilitumia baadhi ya sehemu kwa ushirika. Wanunuzi walioshtaki Marekani wakidai kuwa hesabu hiyo ilipotosha walifikia mapatano ya dola milioni 12.1 mwaka wa 2019.

Mpinzani alipodhoofika, maendeleo ya tarakilishi za kawaida za mezani yalipunguza mwendo. Tangu Q6600 ya Januari 2007 hadi Core i7-7700K ya Januari 2017, prosesa bora ya Intel kwa soko hilo ilibaki na viini vinne. Kila kiini kiliboreshwa, lakini aliyetaka viini vinane kutoka Intel mwaka wa 2016 alipaswa kununua prosesa ya tabaka la juu ya zaidi ya dola 1,000.

Ushindani wafufuka

Lisa Su alikabidhiwa uongozi wa AMD Oktoba 2014. Machi 2, 2017 kampuni hiyo ilileta Ryzen 7 yenye viini vinane, bei zikianzia dola 329 hadi 499.

Yaliyofuata yanaonekana wazi katika orodha ya bei. Core i3-7100 ya Intel, iliyotolewa Januari 2017, ilikuwa na viini viwili na bei ya dola 117. Core i3-8100, iliyotolewa Oktoba mwaka uo huo, ilikuwa na viini vinne kwa bei iyo hiyo ya dola 117. Core i7 ya kizazi hicho ilipata viini sita, na Oktoba 2018 Core i9 ikafikisha vinane.

Huenda Intel ilikuwa na mipango hiyo tangu awali. Lakini kilichoshindikana kwa miaka kumi kiliwezekana katika miezi saba ya kuwepo mpinzani.

Novemba 2019 AMD ilitoa Ryzen 9 3950X yenye viini 16 kwa dola 749, ikitumia vipande vilivyotengenezwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan. Intel nayo, mwishoni mwa 2021, ilichanganya viini vikubwa vya kasi na viini vidogo vya kuokoa umeme ndani ya prosesa moja.

Wakati huo uwanja ulikuwa umepanuka. Novemba 2020 Apple ilianza kuondoa prosesa za Intel katika tarakilishi zake na kuweka za kwake. Mwaka wa 2024 Intel iliongeza muda wa udhamini wa prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 baada ya baadhi ya wateja kulalamika kuwa mashine zao zilikuwa zikizimika ovyo. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilikubali kuchukua takriban asilimia 10 ya hisa za kampuni hiyo.

Vita vya mahakamani

Ushindani huo haukuwa wa maabara pekee. Juni 2005 AMD iliishtaki Intel nchini Marekani ikidai kuwa iliwashawishi watengenezaji wa tarakilishi kwa punguzo la bei ili wasinunue kwa mpinzani. Novemba 2009 Intel ilikubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza mzozo huo.

Mei mwaka huo, Tume ya Ulaya ilikuwa imeipiga Intel faini ya euro bilioni 1.06. Uamuzi huo ulihusu mauzo kwa kampuni kama Dell, HP, Lenovo na Acer. Mahakama ya Ulaya iliifuta faini hiyo Januari 2022 kwa kuona kuwa hoja kuhusu punguzo la bei hazikuthibitishwa ipasavyo, na Oktoba 2024 mahakama ya juu zaidi ya Umoja huo ikaukubali uamuzi wa kuifuta. Kuhusu malipo ya kuchelewesha bidhaa zenye prosesa za AMD, Tume ilitoa faini mpya ya euro milioni 376 mwaka wa 2023, na mvutano ukaendelea mahakamani.

Majina ya Dell, HP na Lenovo ni mashuhuri pia katika maduka ya mitumba nchini Kenya. Kilichoamuliwa katika ofisi za ununuzi za Ulaya huja kuonekana pwani miaka mitano au zaidi baadaye.

Ushindani wafika Afrika Mashariki

Kanda hii iliwahi kuwa uwanja wa moja kwa moja wa kampuni hizo. Mradi wa kumpa kila mtoto kipakatalishi, ulioasisiwa na Nicholas Negroponte, ulitumia prosesa ya AMD katika mashine yake ya XO. Intel ilikuwa na kipakatalishi chake cha shule, Classmate. Julai 2007 Intel ilijiunga na bodi ya mradi wa Negroponte, lakini Januari 2008 ikajiondoa. Rwanda iliupokea mradi huo na kusambaza mashine za XO zaidi ya 200,000 shuleni. Prosesa hizo zilikuwa za kiini kimoja.

Nchini Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, limekuwa likikarabati mashine zilizotumika ili zipelekwe shuleni. Kisha mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS za chini ya bahari zilifika Mombasa. Kabla ya hapo mtumiaji alilaumu mtandao kwa ukawiaji wake. Mtandao ulipopata kasi, udhaifu wa prosesa kuukuu ulianza kuonekana.

Mnunuzi azingatie nini

Jambo la kwanza ni kizazi. Alama za i3, i5 na i7 huonyesha daraja tu. Core i7-2600 ni ya mwaka wa 2011 na ina viini vinne. Core i3-8100 ya 2017 ina viini vinne pia, nayo hukubaliwa na Windows 11, ilhali ile i7 haikubaliwi. Kwa prosesa nyingi za Core za miaka hiyo, tarakimu inayotangulia baada ya kistari ndiyo kizazi: 8500 ni cha nane, 10400 ni cha kumi. Kwa Ryzen za awali, 2600 ni ya msururu wa 2000, lakini 1600 ni ya msururu wa kwanza, usiotambuliwa.

Pili ni idadi ya viini ikilinganishwa na kazi. Mashine ya kuandika barua, kujaza fomu na kuchapisha haihitaji zaidi ya viini vinne. Anayehariri video za arusi atafaidika na sita au vinane, kwa kuwa kazi hiyo hugawanyika vizuri. Aidha, prosesa nzuri haitasaidia ikiwa kumbukumbu ni haba. Gigabaiti nane pamoja na diski ya SSD huleta nafuu kubwa.

Tatu ni umeme na joto. Pentium D 820 ina kiwango cha wati 95 kwa viini viwili. Core i5-8500T ya mwaka wa 2018 ina wati 35 kwa viini sita. Tofauti ya wati 60, mashine zikifanya kazi kwa ukamilifu saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni takriban uniti 12.5 kwa mashine moja. Saiba yenye mashine kumi ingeokoa karibu uniti 125 kila mwezi, licha ya nafuu inayopatikana pale chumba kinapopungua joto. Mahali penye vumbi, feni za mashine zisafishwe mara kwa mara.

Aliye na mashine kuukuu halazimiki kuitupa. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza ulinzi wa Windows 10 kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026. Vilevile, mifumo ya Linux kama Ubuntu hutolewa bila malipo, na baadhi yake hufanya kazi vyema hata kwenye prosesa za viini viwili.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji aiwashe mashine, kisha abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kufungua sehemu inayoonyesha utendaji. Hapo atasoma jina kamili la prosesa na idadi ya viini vyake, na ayalinganishe na bei anayotajiwa. Muuzaji akikataa kuiwasha, mnunuzi ajaribu duka jingine.